Msingi wa 163,600 wa Kuanikia Njugu

Wasee, leo sina video. Ni hesabu tu, na aibu kidogo.

Mnaonifuata tangu mwaka jana mnakumbuka ile video nikiwa na kofia ya mjengo, nimeshika koleo ambalo hata sikujua kulishika, nikisema: "Namjengea mathe nyumba, na bajeti ni 272,600, hakuna shilingi itaongezeka." Hiyo video ilienda mbali kuliko kitu chochote nimewahi kuweka. Watu walilia kwenye maoni. Wengine wakaomba ramani. Halafu kuanzia Machi nikanyamaza, na kila siku kuna mtu anauliza, "Buda, nyumba ya mathe iko wapi?"

Nyumba iko. Lakini si ile mliona kwenye mchoro, na haikugharimu 272,600. Nimeamua kuwaambia vile ilienda kwa sababu wengi wenu mna miaka kama yangu, mmeanza kushika pesa kidogo, na kitu cha kwanza kinachokuja kwa kichwa ni kumjengea mzazi. Ni wazo zuri. Mimi nililifanya vibaya.

Kwanza, mjue nilikuwa natoka wapi. Niliacha chuo mwaka wa pili. Sikufukuzwa, na sikufeli. Karo ilikuwa imenilemea, masomo nilikuwa nimeyachoka, na video zilikuwa zimeanza kulipa chakula. Shida ni kwamba Mama alikuwa ameuza ng'ombe wawili ili niingie pale. Wawili, na alikuwa na watatu. Nilipomwambia nimeacha, hakupiga kelele. Alisema tu, "Sawa, nyathina," akaendelea kuchambua njugu. Afadhali angepiga kelele.

Kwa hivyo ile nyumba haikuwa nyumba tu. Ilikuwa jibu langu kwa wale ng'ombe wawili. Mtu akikwambia anajenga kwa haraka hivyo, muulize anajaribu kumjibu nani.

Mimi nakaa Migori mjini, keja ya chumba kimoja. Nyumbani ni Homa Bay, upande wa Ndhiwa. Ukitoka Migori unapanda matatu hadi Rongo, nyingine hadi Rodi Kopany, nyingine hadi Ndhiwa, halafu nduthi. Nawaambia njia hii kwa sababu kwa bajeti yangu ya kwanza hakukuwa na mstari wa usafiri. Ni kama nilidhani simiti itatembea.

Hii ndiyo bajeti niliyoandika, usiku mmoja, kwa simu, baada ya kutazama video tatu za watu waliojenga kwingine kabisa:

Matofali 5,000 kwa shilingi 9: 45,000.
Simiti mifuko 40 kwa 780: 31,200.
Mchanga lori tatu kwa 9,000: 27,000.
Kokoto lori moja: 16,000.
Mabati 30 ya geji 30 kwa 980: 29,400.
Mbao: 38,000.
Milango na madirisha: 36,000.
Fundi: 50,000.
Jumla: 272,600.

Mkononi nilikuwa na 180,000. Hizo 92,600 zilizobaki zilikuwa zitoke kwa kampuni moja niliyokuwa nimeifanyia matangazo, na waliahidi kulipa mwisho wa Januari. Nikaandika zile pesa kama zimeshaingia. Hilo ndilo kosa namba moja, na lilikuwa limekaa hapo hata kabla koleo haijagusa udongo: nilihesabu ahadi kama pesa.

Sasa rudi juu uangalie ile orodha tena. Tafuta nondo. Hakuna. Tafuta misumari, maji, chakula cha mafundi, watu wa mkono, choo. Hakuna hata moja. Akiba ya dharura? Sifuri. Na mifuko 40 ya simiti kwa nyumba ya vyumba vitatu na sebule? Fundi alipoiona alicheka hadi akakaa chini.

Fundi wetu ni mzee wa huko nyumbani, amejenga nusu ya nyumba zilizo kando ya ile barabara. Siku ya kwanza alifika, akatembea mahali nilipokuwa nimepima na kamba, akapiga udongo teke kidogo, akaniuliza, "Huu udongo umeuangalia?"

Nikamwambia, "Si ni udongo tu, mzee?"

Akaninyamazia. Akaitisha jembe.

Wasee wa Ndhiwa na wale mnaotoka bonde la Lambwe mnajua anachozungumzia. Ule udongo mweusi. Kiangazi unapasuka nyufa hadi mguu unaingia. Mvua ikinyesha unavimba na kushika kiatu. Ukijenga juu yake bila kuutoa, unainua nyumba msimu wa mvua na kuishusha msimu wa jua, na ukuta unapasuka kuanzia kona ya dirisha. Kwa hivyo lazima uchimbe uutoe hadi ufike pagumu, halafu ujaze mawe na murram. Mahali nilipochagua mimi, pagumu palikuwa karibu mita moja na nusu chini. Nilipachagua kwa nini? Kwa sababu kamera ikikaa pale, mti wa mwembe unaonekana nyuma vizuri.

Hatua ishirini kando, nyuma ya jikoni ya zamani, kuna udongo mwekundu wa changarawe. Fundi alinionyesha. Nikasema hapana, tushachimba, tuendelee.

Hii ndiyo ilikuwa bili ya msingi hadi slabu: mawe lori tatu 24,000, simiti mifuko 45 ni 35,100, mchanga 27,000, kokoto 16,000, murram lori mbili 12,000, maji ya mikokoteni 4,500 kwa sababu ilikuwa Januari na visima vilikuwa chini, chakula cha mafundi 7,000, kazi 38,000. Jumla 163,600. Mifuko yote 40 niliyopangia nyumba nzima iliisha chini ya ardhi, na mitano juu.

Nikabaki na 16,400. Na hakuna kitu kilikuwa kimesimama.

Kampuni haikulipa Januari. Haikulipa Februari. Machi mvua ya masika ikaanza, na ile njia ya kuingia nyumbani ikawa uji. Dereva wa lori akaniambia hata nikimlipa mara mbili haingii. Hapo nikajifunza kwamba bajeti ya ujenzi ina kalenda ndani yake. Kiangazi maji ni ghali na barabara ni nzuri. Masika maji ni ya bure na barabara haipo. Mimi nilikuwa nimepanga kama mtu anayejenga ndani ya simu.

Hapo ndipo nikanyamaza. Na nusura nifanye kitu cha kijinga. Nilikuwa na programu tatu za mikopo kwenye simu, na zote zilikuwa tayari kunipa. Nikapiga hesabu: nikichukua zote, naweza kuinua ukuta, nitoe video, watu watulie. Nilikuwa nimeshabonyeza ya kwanza hadi pale wanauliza namba ya siri. Kilichonizuia si hekima. Chaji iliisha. Asubuhi nikasafiri nyumbani.

Nilipofika, nikakuta ile slabu yangu imejaa njugu. Mama alikuwa ametandaza mavuno yake yote pale, na ya jirani wawili. Njugu ukizianika chini kwenye udongo zinaingia mchanga na unyevu, na zikishika ukungu hata mnunuzi hazitaki. Juu ya simiti zinakauka safi. Wamama wa pale walikuwa wanaupenda msingi wangu kuliko watu wote wa TikTok. Mmoja akaniambia, "Umefanya kazi nzuri, mwanangu. Sasa usiharakishe kuweka ukuta." Hakuwa anatania.

Jioni tukakaa na Mama. Nikamwonyesha ramani kwa simu. Ndio, mmesikia vizuri. Miezi mitatu ya kujenga nyumba ya mtu, na sikuwa nimewahi kumwonyesha ramani. Nilitaka ishangae. Nilitaka uso wake kwenye kamera siku ya kumpa ufunguo.

Akaangalia pole pole. "Hiki ni chumba cha nani?"

"Changu, Mama. Nikikuja nyumbani."

Akanitazama kama mtu ambaye amegundua mtoto wake hajui kuvaa viatu. "Utalala katika nyumba ya mama yako? Wewe, na ndevu hizo?"

Wasee wasio Wajaluo, hapa niwaeleze. Kwetu kijana akishakuwa mkubwa halali katika nyumba ya mama yake. Anajengewa simba yake, karibu na lango, na huko ndiko analala hadi siku atakapooa na kutoka kuanzisha boma lake. Nilijua. Tangu nikiwa darasa la saba nalala kwenye simba ya kaka yangu, hadi leo. Lakini ile ramani niliitoa kwa intaneti, ilikuwa na vyumba vitatu, na mimi nikadhani hizo ni mambo za zamani. Mama anadhani si za zamani. Na nyumba ni yake.

"Na hiki?"

"Cha wageni."

"Wageni gani hawa wananiletea wageni kila siku?" Halafu akauliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Choo kiko wapi?"

Choo cha zamani kilikuwa kimeanza kuzama upande mmoja tangu mvua ya mwaka uliopita. Mimi nilikuwa nakitumia kila nikienda, na sikuwahi kukiona.

Akaingia ndani akatoka na daftari, lile la shule la kurasa 96, limefungwa na utepe. Mama yangu aliishia darasa la sita. Ndani ya hilo daftari kulikuwa na nyumba. Chumba cha kulala, chumba cha kuweka mazao, sebule, choo nje, na jikoni ilivyo kwa sababu anapenda kupika na moshi utoke. Kila ukurasa una tarehe na kitu alichonunua. Mabati mawili. Mabati moja. "Hakuna, mgonjwa." Mabati mawili. Ilikuwa ni pesa ya chama, shilingi 200 kila Jumatano, na zamu yake ikifika ananunua mabati kabla pesa haijaanza kuongea. Yalikuwa yamefika 20. Yalikuwa kwa shangazi, yamesimamishwa nyuma ya kabati. Na kuna mahali, wasee, ukurasa mmoja ulikuwa na mabati manne, halafu miezi minane hakuna kitu, na tarehe zake ni za mwaka niliojiunga na chuo.

Sikusema kitu. Hata sasa sijui ningesema nini.

Tulikubaliana hivi: chumba changu na cha wageni vitoke. Nyumba ikae upande mmoja wa slabu, na sehemu iliyobaki ibaki wazi. Baba mdogo akaja na wazee wakaketi, kwa sababu nyumba ya mjane kwetu haianzi hivi hivi, na mimi nilikuwa nimeshachimba bila kumwambia mtu. Mama ni mtu wa kanisa, hakutaka mambo mengi, wazee nao hawakutaka kupitwa. Ikaisha kwa maombi, chai, na Baba mdogo kuweka tofali la kwanza la ukuta. Hata hiyo chai ni bajeti. Andika.

Pesa sasa. Ile kampuni ililipa nusu mwezi wa Mei, na nusu nyingine bado nangoja. Nyingine nilitafuta kwa kazi ambayo sikuwa nataka kuifanya: kurekodi harusi na mazishi. Awendo, Rongo, Uriri, mahali popote. Mazishi hasa, kwa sababu jamaa walioko nje wanataka kuona moja kwa moja.

Kuna moja siwezi kuisahau. Marehemu alikuwa amefanya kazi Nairobi miaka mingi, na hakuwa amejenga nyumbani. Kwetu mtu kama huyo haletwi tu na kuzikwa. Lazima kuwe na nyumba yake pale. Nilifika Alhamisi kupanga mahali pa kamera, nikakuta vijana wanapigilia mabati. Ijumaa jioni ilikuwa imeisha, na mlango, na rangi ya bluu. Jumamosi mwili ukaingia ndani kwanza. Niliirekodi vizuri sana. Usiku nikihariri, nikajiuliza hiyo pesa ilikuwa wapi miaka yote hiyo, na nikajua jibu: ilikuwa mifukoni mwa watu walewale, ikingoja sababu. Mama alikuwa ameweka 200 kila Jumatano bila kungoja mtu afe.

Baada ya hapo nilibadilisha vile napanga. Hatua moja kwa wakati, na hatua haianzi kama pesa yake yote haiko mkononi. Ukuta hadi linta, tukasimama. Tukafunika juu ya ukuta na nailoni tukisubiri. Halafu linta na nondo zake, halafu paa. Plasta tumeiacha, inaweza kungoja. Paa haiwezi.

Hesabu ya hatua ya pili, kila kitu: matofali 3,800 ni 34,200, simiti mifuko 30 ni 23,400, mchanga lori mbili 18,000, nondo na mbao za linta 11,500, mabati sita ya kuongeza 5,880, mbao za paa 26,000, milango na madirisha 24,000, misumari na waya 4,200, kazi 34,000, usafiri 8,500, choo kizima na shimo lake 31,000. Jumla 220,680.

Ongeza msingi, 163,600. Tunafika 384,280. Ongeza mabati 20 ya Mama kwa bei ya leo, 19,600, na nyumba imekula 403,880. Nilisema 272,600. Nimezidisha kwa 131,280, na nyumba ni ndogo kuliko ile ya mchoro. Na bado haina plasta. Serikali nayo haijakosa zamu yake: asilimia 16 ya kodi ya ongezeko la thamani iko ndani ya mfuko wa simiti na ndani ya bati, uwe umeajiriwa au unarekodi mazishi kama mimi.

Mkinipa nafasi niwape ushauri, ni huu, na nimeulipia.

Muulize mwenye nyumba kwanza. Si fundi, si intaneti. Yule atakayelala ndani. Nusu ya pesa niliyopoteza ilienda kwa vyumba ambavyo hakuna mtu alivitaka.

Chimba shimo moja kabla ya kuandika bajeti. Jembe na saa moja tu. Udongo ndio unaamua bei ya nyumba, na haujali mwembe wako.

Fanya fundi aandike idadi mbele yako, halafu mpelekee fundi mwingine aisome. Ukienda hadiwea, uliza geji ya bati na uione imechapwa, maana geji 32 ni nyembamba kuliko 30, hata kama muuzaji anaziita zote "nzito". Andika usafiri, maji, chakula, misumari na choo kabla ya rangi ya ukuta. Ukimaliza, ongeza moja ya tano ya jumla na usiiguse. Mimi hata hiyo isingenitosha, lakini ingenifikisha kwa linta.

Na pesa ambayo haijaingia, usiiandike.

Mama alihamia Aprili mwaka huu. Hakukuwa na utepe wala ufunguo kwa kisanduku. Nilikuwa na kamera, na aliniambia niiweke chini nishike upande mmoja wa kitanda. Tukabeba. Alilala humo usiku huo huo, mimi nikaenda kwa simba ya kaka.

Ile sehemu ya slabu iliyobaki, hapo chumba changu kingekuwa, bado iko wazi. Nilipoamka asubuhi ilikuwa imeshajaa njugu, na Mama amekaa kando yake na lile daftari. Nikamuuliza anaandika nini tena, si nyumba imeisha.

Akaniambia, "Ng'ombe."